Shadda Juu ya Nuni

Kosa langu la kwanza, nililolifanya kabla sijajua kuwa nitakuja kuwa mtu wa kuandika, lilikuwa kumsahihisha bibi yangu neno moja mbele ya wageni. Neno lenyewe lina herufi tatu.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu Mawaleh, Maskati. Wageni walikuwa wanawake watatu waliokua na bibi mtaa mmoja Unguja na kuja Maskati miaka ile ile aliyokuja yeye. Wakikutana hucheka kama wasichana. Halwa ilikuwa imeshafunguliwa. Mmoja wao akamuuliza bibi wajukuu wamefika wangapi sasa.

"Nna wajukuu kumi na mmoja," bibi akasema, "na huyu hapa ndo anayenisomea majina ya dawa."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sinia ya vikombe. Nikasema, "Bibi, si 'nna'. Ni 'nina'."

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anayemtoa mwenzake uzi begani. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Ala, kumbe nyumba hii ina mwalimu."

"Huyu?" akajibu khalati wangu, dada yake mama. "Huyu anasahihisha hata kadi za harusi. Alimpigia simu mpiga chapa, harusi yenyewe kesho."

Ilikuwa kweli. Wakacheka. Bibi hakucheka. Aligeuza kikombe chake kitupu, akaniuliza kwa Kiarabu kama kahawa bado ipo. Nikamjibu kwa Kiarabu kwamba ipo. Tangu siku ile hakunisemesha tena Kiswahili.

Lazima nieleze, kwa sababu asiyeishi katika nyumba kama yetu hataona adhabu iko wapi. Kwetu lugha hizi mbili zinalala kitanda kimoja. Sentensi inaanza kwa moja inaishia kwa nyingine, na hakuna anayeshtuka. Lakini bibi alikuja Omani mtu mzima, na Kiarabu chake ni kile alichojifunza benki, hospitali na kwenye ofisi za pasipoti. Ni kifupi, cha adabu, kimepigwa pasi. Anakitumia kwa watu ambao hataki wajue zaidi ya wanachohitaji kujua. Kwa Kiswahili anatania, anatukana paka, anadanganya umri wake. Kwa Kiarabu anauliza kahawa kama ipo. Mimi, niliyelelewa miguuni kwake, nilikuwa nimepangwa foleni moja na makarani wa benki.

Nilijiambia atasahau. Wiki ikapita, na mwezi. Wengine wote ndani ya nyumba alizungumza nao kama kawaida, kisha akigeuka kwangu sauti inabadilika. Khalati aliniambia, "Umemvunja mtu moyo, na bado unasoma kitabu."

Nilikuwa ninasoma kitabu kwa sababu ya aibu. Shule nilisoma kwa Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili nilikipata kwa masikio tu, jikoni na ndani ya gari. Nilipofika miaka ishirini niligundua kuwa siwezi kuandika barua moja kwa lugha niliyoota nayo tangu utotoni, na jambo hilo lilinikosesha raha. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Ujumbe wa simu wa maneno manne naupitia mara sita kabla sijautuma. Basi nikatafuta vitabu vya sarufi na kamusi, nikajifundisha mwenyewe, peke yangu, bila mtu wa kumuuliza. Nilichokipata kwa shida nilikiona ni sheria. "Nina" ilikuwa kitabuni. "Nna" haikuwemo. Ikawa kwangu "nna" ni kosa, na kosa likiachwa linanikwaruza mpaka nilitoe.

Nina la kukiri jingine, la zamani zaidi. Tulipokuwa shuleni tuliambiwa tuandike insha kuhusu watan, yaani nchi ya mtu, nchi anayoipenda. Niliandika bendera, milima, na maji ya falaj, mfereji wa mashamba, yanayopita kwenye mitende ya kijiji ambako nilikuwa nimekwenda mara tatu tu. Sikuandika kuwa kwetu asubuhi huanza kwa bibi kugombana na paka kwa Kiswahili. Nilipata alama zote. Nikaondoka na somo ambalo hakuna aliyenifundisha: kupatia ni kufuta alama za ulikotoka.

Kijerumani kiliingia kupitia kazini. Ninafanya kazi katika ghala la vipuri vya pampu huko Ghala, mtaa wa viwanda wa Maskati, katikati ya magereji, mahali ambapo mtu huongea kwa kusubiri msumeno wa jirani unyamaze. Pampu nyingi zinatoka Ujerumani, na katalogi za zamani zilikuwa kwa Kijerumani tupu. Hakuna aliyezisoma. Mimi sikuweza kuvumilia kuagiza kipuri kwa kubahatisha picha, kwa hiyo nikaanza na maneno ya bolti na mpira wa kuzuia maji, nikasogea mpaka sentensi, na baada ya miaka miwili nilikuwa ninasoma gazeti kwa kuchechemea.

Siku moja fundi Mjerumani aliyekuja kufunga mitambo alimaliza mkataba akaacha sanduku la vitu asivyovitaka. Ndani yake mlikuwa na soksi, kopo la chai na kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui nani alikiandika. Zilikuwa hadithi za bonde moja la milimani, kusini kabisa kwa watu wanaosema Kijerumani. Bonde moja, kitabu kizima. Ng'ombe, theluji, majirani wasiosalimiana.

Nilikichukua nyumbani na kalamu nyekundu. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa ni lile lile la kwanza. Kitabu kilijaa makosa. Mwandishi mwenyewe aliandika vizuri, lakini kila mara wanakijiji walipofungua mdomo mpiga chapa alionekana kulewa. Palipotakiwa kuandikwa "ich habe", maana yake "nina", paliandikwa "i hob". Nikapiga mstari, nikaandika pembeni neno sahihi. Ukurasa baada ya ukurasa. Ninakumbuka raha niliyoipata. Hakuna aliyekuwa amenituma.

Mtu wa kwanza kukiona kitabu kile alikuwa mzee wa stoo, ambaye mimi humwita ami. Ni Mwomani kama mimi, lakini jamaa zake walikuwa Tabora, si Unguja, na Kiswahili chake ni cha bara. Wazanzibari wa ofisini humtania kuwa anasema kama anapasua kuni. Hajui Kijerumani hata neno. Alivaa miwani, akafunua kurasa chache wakati wa chai.

"Umekichinja hiki kitabu," akasema.

"Kina makosa, ami."

"Hili hapa ni kosa?" Akaweka kidole juu ya "i hob".

"Ndiyo."

"Na hili?" Akafunua mbele. "Na hili? Na hapa tena? Kosa moja, kila mahali, halibadiliki. Huyo mpiga chapa wako alikuwa hodari sana wa kukosea."

Nikaanza kumweleza habari ya uchapaji wa zamani, ambayo sikuijua. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wanakosea watu wote, au wanakijiji tu?"

Nilichukua kitabu nikaenda nacho kwenye rafu za nyuma, nikasimama kati ya maboksi ya gasketi, nikahesabu. Padri hakukosea. Hakimu hakukosea. Karani hakukosea. Waliokosea ni wale waliokuwa na udongo kwenye viatu, na walikosea kwa namna moja, kwa kanuni, kama wanavyokosea wale wanawake watatu wa Ijumaa wanapokula halwa. "Nina" na "nna". "Ich habe" na "i hob". Hata neno lenyewe lilikuwa moja.

Nilikaa chini juu ya sanduku. Ami alipita na orodha yake, akaniangalia, akasema, "Pole, bwana mkubwa," akaendelea na kazi.

Baada ya hapo nilisoma kwa ari ambayo sikuwahi kuwa nayo. Nilitaka kujua ni watu gani hao wanaoacha lahaja ya bonde moja ipigwe chapa. Nilisoma nilichokipata kwenye simu, mapumziko ya mchana, na sina hakika kuwa nimeelewa kila kitu, kwa hiyo nasema ninavyoelewa. Wajerumani walikuwa na vitabu kabla hawajawa na nchi moja. Walikuwa na falme ndogo na miji, kila mahali na sarafu yake na namna yake ya kusema, na lugha ya kuandikia ilikuwa kama ukumbi wa pamoja ambamo wote waliingia wamevaa vizuri. Nchi ilipounganishwa, wapo waandishi walioshikilia wilaya zao: pwani ya kaskazini yenye matope, misitu, mabonde. Wengine walidhani wanahifadhi kinachopotea. Wengine walisema hapo, vijijini, ndipo taifa lenyewe lilipo, safi, halijachanganyika.

Hilo la mwisho ndilo lililotumika vibaya. Ukafika utawala uliochukua hadithi za kijiji ukazifanya fimbo: nani ni wa udongo huu na nani si wake. Aliyesemwa si wake alifukuzwa au aliuawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wengi waliona haya hata kulitaja neno lao la "Heimat", ambalo ni mahali pa mtu, pale anapohesabiwa mwenyeji. Lakini baadaye waandishi wengine walirudi kwenye mabonde yale yale, na safari hii waliandika yale ambayo jirani alimtendea jirani. Wapo wanaoandika Kijerumani na si Wajerumani kabisa, wana nchi zao mlimani na bendera zao, na wanaudhika ukiwaita hivyo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kuna watu Maskati wanaoandika Kiswahili na pasipoti zao ni za Omani.

Kuna jambo moja lililoniuma zaidi ya yote. Katika kusoma nilikumbana na habari ya Kiswahili sanifu, kwamba kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja mjini. Yaani watu walikaa, wakachukua usemi wa mitaa ya bibi yangu, wakaunyoosha, wakautia vitabuni. Kisha mimi nikauagiza kwa posta, nikaja kumsahihisha nao mwenyewe.

Nikaazimia mambo mawili. La kwanza, bibi atanisemesha tena Kiswahili. La pili, hadithi moja ya kitabu kile nitaifasiri mpaka iishe, bila kuiacha nusu kama nilivyoacha mambo mengi kwa kuogopa kuyakosea.

Niliyaona ni mambo mawili mbalimbali. Nilianza na la kwanza kwa njia ninayoijua. Niliandika maneno ya kuomba radhi, nikayaandika upya mara saba, nikaenda nayo kwa bibi alipokuwa akichambua mchicha. Nikasoma. Yalianza hivi: "Bibi yangu mpenzi, ninaomba radhi kwa kitendo changu." Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umetulia ndani ya sinia. Kisha akasema kwa Kiarabu, "Ma yikhalif," haidhuru, kama unavyomwambia mtu wa benki aliyekuweka foleni saa nzima.

Nilifika chumbani kwangu ndipo nikaona nilichofanya. "Ninaomba." Nilikwenda kumwomba radhi kwa lile lile neno nililomsahihishia; yeye angesema "nnaomba".

Basi nikarudi kwenye hadithi, kwa sababu angalau hiyo haikuweza kunijibu kwa Kiarabu. Niliichagua moja tu, na ni hii. Bikizee wa bondeni ana chemchemi nyuma ya nyumba yake. Jirani wa bonde la chini anadai maji ni yake. Bikizee anashuka mlima kwa miguu kwenda mahakamani mjini. Hakimu anauliza, bikizee anajibu kwa usemi wake, na karani anayaandika maneno yake kwa lugha ya ofisi, yamenyooka, hayana kosa. Wanamsomea ili aweke dole gumba. Anakataa. Hakuna neno la uongo katika karatasi ile, lakini anasema aliyesema hayo si yeye. Wanamsomea tena taratibu, wakidhani hasikii. Anakataa tena. Chemchemi inategemea dole lile, na bado anakataa.

Nilipoifasiri kwa Kiswahili changu, bikizee na karani walisema sawasawa. Hadithi ikafa. Mwanamke anakataa karatasi inayosema "nina maji", ilhali dakika mbili nyuma yeye mwenyewe alisema "nina maji". Msomaji angeona ni kichaa. Nilihitaji mtu wa kumpa bikizee mdomo, na nyumba nzima nilimjua mmoja tu.

Sikumwomba. Nilikuwa nimejifunza kutokwenda na karatasi ya maombi. Jumamosi moja asubuhi nilimkuta sebuleni, anamenya muhogo na kuulalamikia kwa khalati, kwamba tangu soko la mboga lihamishwe kutoka Mawaleh, watu wanaletewa kuni wanaambiwa muhogo. Nikakaa chini kwenye zulia, nikamwambia khalati, "Nimefasiri hadithi, nataka kuisikia ikisomwa." Khalati akaniangalia, akamwangalia bibi, akasema, "Soma basi, tunamenya."

Nikasoma. Bibi hakuinua macho. Nilipofika pale mahakamani, bikizee akimwambia hakimu, "Nina maji nyuma ya nyumba yangu, na mama yangu alikuwa nayo," kisu cha bibi kikasimama.

"Ati nini? Hebu rejea hapo."

Kwa Kiswahili. Nikarudia sentensi.

"Bikizee wa mlimani," bibi akasema, akimtazama khalati, "katoka alfajiri, kashuka kwa miguu, theluji sijui nini, anakwenda kutetea maji yake. Akifika anasema 'nina maji' kama msoma khabari wa redio?"

"Mama, hadithi ya Kizungu hiyo," khalati akasema.

"Kwani Wazungu hawana mashamba?"

Nikaendelea mpaka pale karani anaposoma karatasi, na bikizee anasema si yeye. Bibi akaweka muhogo chini.

"Huyo karani nnamjua," akasema. "Anakaa nyumba hii."

Khalati alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi sikucheka, lakini sikukimbia pia. Nikamwambia, "Ndiye, bibi. Nisaidie huyu mama aseme."

"Nipe kalamu."

Nilikuwa na kalamu nyekundu, sikuwa na nyingine. Bibi hasomi Kiswahili kwa herufi za Kizungu bila taabu. Alisoma chuo, chuo cha Qurani, na Kiswahili chake hukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika barua zao wote wa rika lake. Juu ya karatasi yangu, pembeni ya ile "nina", akaandika nuni moja, herufi ya "n", na alifu, kisha juu ya nuni akatia shadda, ile alama ndogo kama meno matatu inayosema herufi hii inasomwa mara mbili.

"Weye uliona pana kitu kimepotea," akasema. "Hapajapotea kitu. Nuni mbili hizo, moja imemkalia mwenziwe. Ulimi unakaza, ndo unaachia. Nnnna. Sema."

"Nna."

"Umeipiga juu juu. Kaza."

"Nnna."

"Haya. Sasa ana maji."

Nimesoma vitabu vya sarufi kutoka jalada hadi jalada na hakuna kilichonionyesha hilo. Miezi yote ile niliamini bibi ameangusha irabu kwa uvivu. Alikuwa ameikaza herufi, na alikuwa na alama ya kuiandikia, aliyofundishwa akiwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyekosa herufi.

Ningependa kusema kuwa kutoka pale mambo yalitengenea. Kesho yake asubuhi aliniuliza kahawa kama ipo, kwa Kiarabu. Ilikuwa kama nimefunguliwa mlango wa saa moja tu: tukikaa na bikizee wa mlimani, bibi alisema nami Kiswahili, karatasi ikikunjwa, tulirudi benki. Nikaamua kuwa saa moja inanitosha kuanzia. Kila Jumamosi nilileta ukurasa mmoja. Nilijizuia nisilete mitatu.

Tuligombana zaidi kwenye neno la Heimat. Karani anamuuliza bikizee Heimat yake ni ipi, ili ajaze karatasi. Mimi niliandika, "Taifa lako ni lipi?"

"Kwani kafika uwanja wa ndege?" bibi akauliza.

"Ni neno kubwa kwao, bibi. Watu wamelipigania."

"Anamuuliza kwao wapi. Andika hivyo. Kwenu wapi, bibi?"

"'Kwenu' ni neno dogo."

Akagonga karatasi kwa kidole. "Nimeulizwa neno hilo umri wangu wote, sijaliona udogo wake. Unguja wakiniuliza kwenu wapi, nikisema hapa, wanasema weye Mmanga, kwenu Omani. Nikaja hapa. Wakaniuliza kwenu wapi, nikisema hapa, wanasema weye Mzinjibari. Sasa we nambie, hilo dogo?"

Nikafuta "taifa". Na nilipokuwa nafuta nilielewa kwa nini "kwetu" linashinda maneno yote niliyokuwa nimeyaorodhesha kwa ajili ya Heimat. Halina udongo wala damu ndani yake. Lina watu tu. Bibi husema "kwetu" kwa mtaa wa Unguja, kwa kijiji cha mababu ambako hajawahi kulala, na kwa nyumba hii yenye paka, na hakuna siku aliyotakiwa kuchagua. Hakuna mtu aliyewahi kumfukuza mwingine kutoka "kwetu" kwa kutumia neno lenyewe. Lazima aongeze jingine.

Ami wa stoo nilipomsomea ukurasa alikunja uso. "Mbona mama huyu wa milimani anaongea kama kazaliwa Unguja? Mimi kwetu tungesema 'ninayo maji'."

Nikamwambia ana haki. Nimemvua mtu lahaja yake nikamvisha ya bibi yangu. Lakini kumvisha ya karani ni uongo mkubwa zaidi. Nilichoweza ni hiki: jirani wa bonde la chini, anayedai maji, kitabuni anasema kwa lafudhi nyingine. Nikampa Kiswahili cha ami, neno kwa neno, nikikaa naye wakati wa chai na daftari.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wa maji," ami akasema.

"Kitabu hakisemi nani mwizi."

"Wazanzibari watasema." Lakini alinirekebishia sentensi mbili.

Niliimaliza. Kwangu hilo si jambo dogo. Nikaituma kwa mhariri wa jarida moja la Kiswahili, na baada ya wiki kadhaa ikarudi na barua ya upole. Wameipenda, wataichapa, wamesahihisha makosa machache. Nikafungua. Kila "nna" ilikuwa imekuwa "nina". "Ninayo" ya ami pia ilikuwa "nina". Kila aliyefungua mdomo alikuwa amekuwa karani.

Ninajijua. Mtu mwenye madaraka akiniambia nimekosea, mwili wangu unakubali kabla kichwa hakijasoma. Vidole vilishafika kwenye "Asante". Nikaweka simu chini, nikaenda jikoni, nikanywa maji, nikarudi. Nikaandika kwamba wakiyabadilisha maneno yale hadithi haina maana, kwa sababu hadithi yenyewe ni habari ya kubadilisha maneno yale. Nikasema kama haiwezekani, basi naomba wasiichape. Niliipitia barua mara moja tu, nikaituma.

Mhariri alijibu kuwa amecheka kwa aibu. Akarudisha yote.

Bibi nilimwambia Ijumaa, kwa ufupi, nikipita na sinia, kwa sababu wale wanawake watatu walikuwapo tena. Nilisema tu kuwa walitaka kuyafuta maneno yake nami nimekataa.

"Kakataa huyu?" mmoja akauliza. "Huyu mwalimu wenu?"

"Ndo huyo," bibi akasema. "Nna mjukuu mkaidi, mie." Kisha akainua kikombe kuelekea kwangu. "Tia kahawa, baba. Na ukae, umesimama kama mtu wa benki."

Nikatia kahawa, nikakaa.

Bado ninapitia ujumbe wa simu mara nne. Bibi akinikasirikia hurudi kwenye Kiarabu kwa nusu siku, na huwa ninastahili. Lakini siku nyingine zote husema nami Kiswahili, na ninapoyaandika maneno yake ninayaandika kama alivyoyasema.